Kanuni za uzoefu wa mtumiaji ni nyingi mno, nianze na ipi? (Shangazi kashindwa fomu yangu)

mjenzi_mpya

Wakuu, habari za muda huu. Mimi ni mwandishi wa programu, miaka yote kazi yangu iko nyuma ya pazia: seva na hifadhidata. Mwezi uliopita msanifu wetu kaacha kazi, nikakabidhiwa fomu ya simu ya kuweka miadi ya kumwona daktari. Bosi akaniambia nisome kwanza "kanuni za uzoefu wa mtumiaji" kisha niirekebishe. Nimesoma. Nimekutana na sheria ya Fitts, ya Hick, ya Miller, kanuni kumi za Nielsen, kanuni za Gestalt, sijui tabaka tano za nini. Kichwa kimejaa, na fomu iko vilevile.

Kilichonileta hapa ni hiki. Jumapili nilimpa shangazi yangu simu nikamwambia, shangazi, hebu jiwekee miadi humu, mimi nakaa kimya. Fomu ina visanduku tisa. Kila kimoja kina maandishi ya kijivu ndani yake yanayosema uandike nini. Ukianza kuandika yanapotea. Akajaza taratibu, kama dakika sita hivi. Akabonyeza "Tuma". Juu kabisa ya ukurasa pakatokea mstari mwekundu: "Taarifa si sahihi." Visanduku vyote tisa vitupu.

(Kosa lenyewe: aliandika namba ya simu akiacha nafasi kila baada ya tarakimu tatu. Seva yangu haitaki nafasi.)

Akaanza tena bila kulalamika. Safari hii alipofika mwisho akabonyeza "Anza upya" badala ya "Tuma". Vitufe hivyo viko ubavu kwa ubavu, vyote vya bluu, ukubwa mmoja. Vikafutika tena. Akanirudishia simu akasema, "Nimekosea mimi, mwanangu. Hizi simu zenu zinataka watu waliosoma."

Shangazi ni mwalimu mstaafu. Kafundisha hesabu maisha yake yote.

Naomba kueleweshwa: katika kanuni zote hizo, ipi inahusika na yaliyomkuta? Na kwa kuwa muda sina, zipi niziweke kando?

Nukta Tatu

Kile cha "Anza upya" kifute. Tangu lini mtu akamaliza kujaza visanduku tisa halafu akatamani vyote vifutike? Kazi imekwisha.

Bi Kitufe

Nukta Tatu kasema kweli, ila ameandika dawa na mdogo wetu ameuliza ugonjwa.

Mjenzi, isome tena sentensi ya shangazi yako. "Nimekosea mimi." Kabla sijawa msanifu nilikaa miaka minne nikipokea simu za wateja waliokwama, na simu nyingi zilianza hivyo hivyo: samahani, mimi si mtu wa kompyuta, nadhani nimeharibu. Daftarini nilikuwa naandika "kosa la mtumiaji" nafunga shauri. Siku moja mvua ilinizuia ofisini nikaanza kulipitia daftari. "Makosa ya watumiaji" ya wiki ile, karibu yote, yalitokea kwenye ukurasa mmoja, mahali pamoja. Watu wasiojuana, kila mmoja kwake, wanajikwaa kwenye jiwe lile lile. Mimi nilikuwa naandika majina ya waliojikwaa, jiwe silitazami.

Taaluma hii kwa kiasi kikubwa ilizaliwa hivyo. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, ndege za Marekani za B-17 zilikuwa zinatua salama, halafu zikiwa tayari ziko chini rubani anakunja magurudumu na ndege inalala kwa tumbo. Ripoti zinasema uzembe wa rubani. Mwanasaikolojia mmoja, Alphonse Chapanis, akaenda kutazama chumba cha rubani. Akakuta swichi ya magurudumu na swichi ya vile vibawa vidogo vya kupunguza mwendo ziko jirani na zinafanana kabisa. Rubani amechoka, anataka kukunja vibawa, mkono unashika ya jirani. Alichofanya Chapanis ni kuweka kigurudumu kidogo cha mpira kwenye swichi moja na umbo la kabari kwenye nyingine, ili hata mkono ukipapasa gizani ujue umeshika nini.

Sasa rudi kwenye "Tuma" na "Anza upya" zako. Ubavu kwa ubavu, bluu zote. Umejenga chumba cha rubani wa B-17, mdogo wangu.

Don Norman, ambaye alipojiunga na Apple mwaka 1993 alijichagulia cheo chenye maneno haya "uzoefu wa mtumiaji" yakaanza kuvuma, anagawa makosa mafungu mawili. Kwa Kiswahili tunayo maneno yake tayari: kuteleza na kukosea. Kuteleza ni nia kuwa sahihi, mkono ukaenda kwingine. Kukosea ni nia yenyewe kujengwa juu ya kuelewa vibaya. Wa kuteleza hasaidiwi na maelezo marefu, anajua anachotaka. Anasaidiwa na vitu vinavyotofautiana na njia ya kurudi. Wa kukosea ndiye anayehitaji maneno. Shangazi kwenye kitufe aliteleza. Wazee walisema kuteleza si kuanguka, lakini humo mwako kuteleza mara moja ni kuanguka hadi chini, visanduku tisa.

Na kwenye namba ya simu hakuteleza wala hakukosea. Aliandika namba yake jinsi watu wanavyoandika namba, mafungu mafungu, kwa sababu hivyo ndivyo inavyosomeka. Kuondoa nafasi ni mstari mmoja wa msimbo upande wako. Umemwachia binadamu kazi ya mashine.

Kisha ule ujumbe, "Taarifa si sahihi." Taarifa ipi? Si sahihi vipi? Afanye nini? Ujumbe wa kosa unajibu hayo matatu, ukiwa pembeni ya kisanduku husika, na ukiwa umeacha kila alichoandika mahali pake. Hiyo ipo kwenye kanuni kumi alizozichapisha Jakob Nielsen mwaka 1994, karibu na mwisho wa orodha. Ukiuliza mimi ningeipandisha juu.

Ya kwanza kwenye orodha hiyo ndiyo inayonigusa binafsi: mtu aone wakati wote mfumo unafanya nini. Nakwambia kwa nini. Ukurasa wangu wa kwanza wa malipo ulikuwa mzuri wa macho, nilijivunia kweli. Ukibonyeza "Lipa", kwa sekunde saba au nane hakibadiliki kitu. Kitufe hakizami, hakizunguki kitu, kimya. Unadhani watu walifanya nini? Walibonyeza tena. Na tena. Kuna mama mmoja alikatwa mara nne. Alipopiga simu nilipokea mimi mwenyewe, na neno lake la kwanza lilikuwa samahani. Kuna vipimo vitatu nilivyojifunza baada ya hapo na sijawahi kuvisahau. Chini ya sekunde 0.1 mtu anahisi kitu kimetii kidole chake. Hadi sekunde 1 anaona kuna kusubiri lakini mawazo yake hayajakatika. Zaidi ya sekunde 10 amekwisha ondoka kimawazo, basi mwonyeshe kazi imefika wapi na mpe njia ya kutoka. Kile kitufe kilihitaji tu kubadilika papo hapo kuwa "Tunalipa, subiri" na kukataa kubonyezwa tena.

Lakini hapa kuna mtego, na waandishi wa programu huwa mnauingia. Kuonyesha kitu haitoshi; kiwe kweli. Tarehe 28 Machi 1979, kwenye kinu cha nyuklia cha Three Mile Island kule Pennsylvania, vali moja ilifunguka na ikagoma kujifunga. Mbele ya waendeshaji kulikuwa na taa, na taa ikazimika, wakaelewa vali imefungwa. Kumbe taa ile ilikuwa inasema tu kwamba *amri* ya kufunga imetumwa. Maji ya kupoza kinu yakaendelea kutoka zaidi ya saa mbili huku taa ikiwatuliza. Sasa niambie: kwenye fomu yako shangazi akiona tiki ya kijani, hiyo tiki inasema simu imetuma, au miadi imeandikwa kwenye daftari la daktari?

Maandishi ya kijivu ndani ya visanduku: yatoe. Weka jina la kisanduku juu yake na libaki pale. Akifika kisanduku cha sita simu ikalia, akirudi atajuaje kile cha tatu kilikuwa kinauliza nini? Unamfanya akariri swali. Kutambua ni rahisi kuliko kukumbuka, ndiyo kanuni yenyewe, na kwenye fomu ndefu ina thamani kuliko rangi zote.

Hizo nyingine upesi upesi. Fitts, mwaka 1954: kitu kikubwa na kilicho karibu hufikiwa haraka, kidogo na cha mbali hukosewa. Kwa kioo cha simu maana yake vitufe vitoshe kidole. Miongozo ya Apple inasema pointi 44 kwa 44. Hick: chaguo zikizidi, uamuzi unachelewa. Usiipeleke mbali, fomu si menyu. Gestalt: vilivyo karibu huonekana ni ndugu. Usiidharau hii kwa kuwa inasikika ya kisanii. Uchaguzi wa rais wa Marekani mwaka 2000, wilaya ya Palm Beach, Florida, karatasi ya kura ilikuwa na majina kushoto na kulia, matundu katikati. Al Gore alikuwa jina la pili upande wa kushoto, tundu lake likawa la tatu. Tundu la pili lilikuwa la Pat Buchanan wa upande wa kulia. Kura zaidi ya 19,000 katika wilaya ile zilitobolewa zaidi ya tundu moja kwa kiti cha rais, zikaharibika. Florida nzima iliamuliwa kwa kura 537. Ukiweka jina la kisanduku katikati kabisa ya visanduku viwili, hayo ndiyo unayoyafanya.

Zile tabaka tano ziache kwa sasa. Ni ramani nzuri ya kupanga mradi mzima, wewe una fomu moja.

msomaji_wa_usiku

Naongeza moja kwa sababu inanihusu. Mimi nyekundu na kijani sizitofautishi vizuri. Fomu ikiniambia "visanduku vyenye mpaka mwekundu vina kosa", naona visanduku tisa vyenye mipaka. Basi. Huwa napiga picha ya skrini namtumia mke wangu ananiambia ni kipi. Watu wa namna yangu si wachache: kwa wanaume wenye asili ya Ulaya ya Kaskazini ni takriban 1 kati ya 12. Rangi iwepo, ila isibebe ujumbe peke yake. Weka neno au alama.

Na kile kijivu chako ni kipi? Ukisema "kijivu" nadhani ni kile chenye namba ya rangi AAAAAA, wote mnaipenda hiyo. Juu ya nyeupe uwiano wa mwangaza kati ya maandishi na mandhari yake haufiki hata 2.5 kwa 1. Miongozo ya W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti, inataka 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida. Kijivu hafifu kabisa kinachopita juu ya nyeupe ni 767676, nacho kinapita kwa kuchungulia, 4.54. Shangazi wa umri huo, nje juani, usimpe cha kuchungulia. Mpe cheusi.

Nukta Tatu

Bi Kitufe somo limekaa, nimesalimu amri. Ila hujamjibu kuhusu Miller, na huyo ndiye anayenitoa povu. Kila mkutano lazima mtu mmoja aseme "menyu isizidi vitu saba, sheria ya Miller." Miller mwaka 1956 alikuwa anazungumzia vitu vingapi mtu anavishika kichwani *bila kuviona*. Menyu ipo mbele ya macho yako, unashika nini kichwani? Tulishawahi kukata menyu kutoka vitu 11 hadi 7 kwa ajili ya hiyo "sheria", vinne tukavificha chini ya neno "Zaidi". Wiki mbili baadaye swali namba moja la wateja likawa: mbona mmeondoa risiti?

Pili, mjenzi, usije ukasema umejaribu kwa sababu shangazi mmoja kajaribu. Tafuta hata watu mia.

Bi Kitufe

Kwenye Miller nakuunga mkono mia kwa mia. Kwenye watu mia hapana kaka, utamchosha bure na wala hatawapata, ataahirisha tu.

Nielsen na Landauer walipiga hesabu mwaka 1993 kwenye miradi waliyoichunguza: kwa wastani mtu mmoja aliibua karibu asilimia 31 ya matatizo, hivyo watano wanakufikisha kama asilimia 85. Wastani ni wastani, kwa fomu yako inaweza kuwa vingine. Lakini siri yake haiko kwenye tano. Watano, rekebisha, halafu watano wengine kwenye toleo jipya. Watu mia kwenye toleo moja watakuonyesha jiwe lile lile mara mia. Mia unawahitaji unapotaka namba, kwa mfano asilimia ngapi wanamaliza fomu. Hapa tunatafuta mawe.

Na mjenzi, jambo moja umelifanya vizuri kuliko wasanifu wengi ninaowafahamu: ulikaa kimya. Mimi mara ya kwanza nilishindwa, kila mtu akisita nilikuwa nanyoosha kidole, "bonyeza pale." Jioni nikaandika ripoti kwamba wote wamefaulu.

mjenzi_mpya

Nimerudi, siku tisa baadaye. Asanteni sana wote, Bi Kitufe nakushukuru kwa kipekee.

Niliyoyafanya: "Anza upya" imekufa. Majina ya visanduku yako juu, meusi. Seva inaondoa nafasi na vistari yenyewe. Kosa linatokea chini ya kisanduku chake kwa maneno, na hakifutiki kitu. Nilipoanza kukagua kila kisanduku na kujiuliza kinatumika wapi, vitatu sikupata jibu hata kwa bosi, nikavitoa. Vimebaki sita.

Kuhusu tiki ya kijani... nilifungua msimbo wangu kwa aibu. Ilikuwa inatokea simu ikishatuma tu, kabla seva haijajibu chochote. Sehemu hiyo ya kutuma nimeiandika mwenyewe mwaka jana. Nikapitia kumbukumbu za seva nikakuta maombi kadhaa yaliyofika yakakataliwa, na wenyewe waliona tiki. Sijui waliokwenda kwa daktari siku hiyo waliambiwa nini mapokezi. Sasa tiki inasubiri jibu la seva, na chini yake kuna siku, saa na jina la daktari.

Jumapili nikampa shangazi tena. Jina, sawa. Namba ya simu, akaiandika na nafasi zake vilevile, ikapita. Nikaanza kutabasamu. Akafika tarehe ya kuzaliwa. Pale, kwenye marekebisho haya, nilikuwa nimeweka kalenda, ile inayofunguka yenyewe, inaanza mwezi huu, na mshale wa kurudi mwezi mmoja mmoja. Mimi sikuwahi kuijaribu kwa mwaka wangu, huwa nabonyeza tarehe yoyote nipite.

Akabonyeza mshale mara tano, sita. Akasimama. Akaangalia juu kidogo, namna alivyokuwa anaangalia sisi tukiwa wadogo akitupigia hesabu ya kichwa.

"Nina miaka sitini na sita," akasema. "Kwa hiyo nibonyeze mara mia saba tisini na mbili?"

Nilikaa kimya kama kawaida. Safari hii hakusema amekosea. Aliniuliza, "Nani katengeneza hiki?"

Usiku huohuo nimeweka visanduku vitatu vya kuandika kwa vidole: siku, mwezi, mwaka. Nimeshapata jirani wawili na mfanyakazi mwenzangu wa uhasibu wa kujaribu wiki hii, na shangazi kasema Jumapili atakuja bila kuitwa.

Nukta Tatu

Akimaliza kwako mlete na kwetu. Fomu yetu ina visanduku 14 na ile kalenda iko humo mara mbili.